Uzamili wa biashara, kazi na utafiti wa uzamivu nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa nani?

Ni wako wewe unayetoka kazini saa kumi na moja jioni, unapanda teksi au boda boda kuelekea Nakawa, Makerere au barabara ya Jinja, unakaa darasani mpaka saa tatu usiku, na kesho asubuhi uko tena kwenye meza yako ya benki, ya wilaya, ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) au ya duka la jumla. Mimi nimefanya kazi ya hesabu katika biashara ya vifaa vya ujenzi hapa Kampala. Nilisoma uzamili nikiwa kazini, nikaendelea na uzamivu kuhusu mauzo ya mkopo katika maduka madogo, na sasa nasaidia wanafunzi wanaopita njia hiyo hiyo. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa kila muhula.

Kwa nini Kiswahili, wakati masomo yote ni kwa Kiingereza?

Kwa sababu wengi wetu tunasoma kwa Kiingereza na kufanya kazi kwa Kiswahili. Ukitoka Busia, Malaba au Arua, au umekuja kutoka Kenya, Tanzania au Kongo, bei unakubaliana kwa Kiswahili na deni unalidai kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini sokoni kilikuwa kinafanya kazi zamani. Tasnifu utaiandika kwa Kiingereza, sawa. Kufikiri kuhusu biashara yako, fikiri kwa lugha unayoifanyia biashara. Utaona chini jinsi neno moja la Kiswahili lilivyokaribia kuharibu utafiti wangu mzima.

Mkurugenzi wetu anasema nadharia za darasani hazilipi mishahara. Nianzie wapi kumwonyesha?

Anzia kwenye pesa iliyolala. Katika masomo yote ya uzamili sijaona kinachomgusa mwenye biashara upesi kama mzunguko wa fedha. Unachukua siku ambazo mali inakaa ghalani, unaongeza siku ambazo wateja wanakaa na deni lako, kisha unatoa siku ambazo wewe unakaa na deni la wasambazaji.

Tuseme duka la jumla linauza kwa mkopo mali ya shilingi milioni 720 kwa mwaka, na mali hiyo yenyewe imeligharimu milioni 600. Ghalani kuna mali ya milioni 100, wateja wanadaiwa milioni 90, na duka linadaiwa na wasambazaji milioni 50. Gawa 100 kwa 600, zidisha kwa 365, unapata kama siku 61. Gawa 90 kwa 720, zidisha vivyo hivyo, siku 46. Gawa 50 kwa 600, siku 30. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: shilingi inayotoka leo inarudi mfukoni baada ya takribani siku 76, ukihesabu kabla ya kukata desimali. Sasa mwambie mkurugenzi kwa namna nyingine: milioni 100 na milioni 90, ukitoa milioni 50, ni milioni 140 ambazo hazimo benki wala mkononi. Ikiwa zimekopwa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kulala kwake kunagharimu milioni 25 na laki mbili kila mwaka. Hapo mazungumzo ya nadharia yanakwisha na mazungumzo ya mishahara yanaanza.

Nilipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza, niliipeleka kwa mzee aliyekuwa mkuu wa ghala, kwa sababu siku za mali zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Hakubishana. Alichukua kipande cha chaki, akanipeleka nyuma kabisa, pale taa haifiki vizuri, akanionyesha makopo ya rangi ambayo vifuniko vyake vilikuwa na vumbi nene kiasi cha kuandika juu yake kwa kidole. Nyuma yake kulikuwa na mabati ya kipimo ambacho mafundi walikuwa wameacha kukiulizia. Akaandika kwa chaki ubavuni mwa kila rundo mwezi ambao liliingia. Tulipomaliza tukasimama mlangoni tukatazama: robo ya ghala ilikuwa na tarehe za mwaka uliopita na wa juzi. "Hii nimesema miaka yote," akaniambia, "lakini mimi nasema kwa mdomo, wewe umekuja na karatasi."

Maneno hayo sijayasahau. Mzee alikuwa anajua. Nilichompa mimi ni hesabu ya kubeba alichokijua mpaka ofisini. Ukienda kazini na somo lako jipya, mtafute kwanza mtu ambaye tayari anajua jibu na hajawahi kuulizwa.

Ni somo gani lina faida zaidi kazini?

Kwa maoni yangu ni uhasibu wa mameneja, takwimu, na uendeshaji wa shughuli za kila siku kama ghala, foleni na usafirishaji. Mkakati ni somo zuri, ila wengi wetu tunalitumia vibaya. Mwanafunzi anachora zile nguvu tano za ushindani sokoni za Michael Porter za mwaka 1979, anajaza kila kisanduku sentensi mbili, na hakuna uamuzi hata mmoja unaobadilika. Ukizitumia, maliza kwa kusema nini kifanyike Jumatatu. Kadi ya matokeo (balanced scorecard) ya Kaplan na Norton ya mwaka 1992 inafaa zaidi kwa wanaofanya kazi wilayani na kwenye mashirika, kwa sababu inakulazimisha kupima vitu vingine zaidi ya pesa.

Naruhusiwa kutumia takwimu za kampuni kwenye kazi za darasani?

Omba ruhusa kwa maandishi, hata kama bosi ni shemeji yako. Barua ya nusu ukurasa inatosha: unataka nini, utakitumia wapi, nani atakisoma. Badilisha jina la kampuni, na ukitaka zidisha namba zote kwa kiwango kimoja ili uwiano ubaki na siri isitoke. Taarifa za watu binafsi, kama majina ya wadaiwa, mishahara na namba za simu, ziondoe kabisa. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na kuwa mwanafunzi hakukuondolei wajibu. Mtu alimpa duka namba yake ili apigiwe simu saruji ikifika, hakuitoa ili isomwe darasani.

Kuna tofauti gani kati ya PhD ya biashara na ile shahada ya uzamivu ya utawala wa biashara, DBA?

Zote ni uzamivu. PhD inakutaka uongeze kitu kwenye nadharia, DBA inakutaka uongeze kitu kwenye nadharia kupitia tatizo halisi la kazi. Anayetaka kufundisha chuo kikuu kwa kawaida huelekea PhD. Jambo moja usilipuuze: kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba programu hiyo yenyewe, mbali na chuo, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, na kwamba idhini haijapitwa na muda. Nimeona watu wazima wakilia kwa jambo hili.

Nina tatizo kubwa kazini. Je, linaweza kuwa mada ya uzamivu?

Linaweza, lakini siyo kwa sura lililo nayo sasa. Hapa ndipo watu wengi wazuri wanapokwama miaka miwili, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tatizo la kazini linataka dawa. Swali la utafiti linataka maelezo. Nilipoanza, andiko langu la kwanza lilisema: wateja wetu hawalipi kwa wakati, nataka kujua namna ya kuwafanya walipe. Msimamizi wangu aliliweka mezani akaniuliza, "Hilo ukilijibu, mwenye duka wa Gulu asiyekujua wewe atajifunza nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika maombi ya mkurugenzi wangu kwa lugha ya kitaaluma.

Nikarudi kwenye leja. Nilipanga wadaiwa kwa umri wa deni: siku 30, 60, 90, zaidi ya 90. Nikaona jambo ambalo sote ofisini tulikuwa tunalitazama bila kuliona. Wateja waliochelewa kuliko wote ndio walioendelea kupewa mali kwa mkopo. Mkurugenzi alidhani ni uzembe wa makarani. Makarani nilipowauliza walisema kitu kingine: ukimnyima mali mtu anayedaiwa, anahamia duka la pili, na deni la kwanza ndiyo umelizika. Ukiendelea kumpa kidogo kidogo, anarudi, na akirudi unaweza kumkumbusha.

Hapo swali likageuka. Halikuwa tena namna ya kuwafanya walipe. Likawa: kwa nini muuzaji anaendelea kumkopesha mteja ambaye tayari amechelewa, na ni wakati gani kufanya hivyo kunalinda pesa badala ya kuipoteza? Swali hilo mwenye duka wa Gulu analijua, wa Mbarara analijua, na hata nje ya Uganda. Vilevile linabishana na kitabu, maana kitabu kinasema msimamishie mkopo mdaiwa sugu.

Kwa hiyo ukiwa na tatizo, usikimbilie kuliandikia malengo matatu mahususi. Kaa na kumbukumbu za kazi yako mwezi mzima. Tafuta mahali ambapo watu wenye akili timamu wanafanya kinyume na kitabu, kila siku, bila kuona aibu. Chini ya hapo kuna swali.

Msimamizi anataka "pengo la utafiti". Nikisema hakuna aliyetafiti jambo hili Mbale, haitoshi?

Haitoshi. Hakuna aliyetafiti jambo hilo katika nyumba yangu pia. Mbale inakuwa pengo pale tu ambapo kuna kitu cha Mbale kinachoweza kubadilisha jibu. Kwa mfano, wakulima wa kahawa ya arabika kwenye miteremko ya Mlima Elgon wamekuwa na chama kikuu cha ushirika, Bugisu, tangu 1954. Historia hiyo ya kuuza kwa pamoja, kuaminiana na kuvunjana moyo inaweza kufanya mikopo ya vikundi ifanye kazi tofauti na mahali ambapo ushirika ni mgeni. Ukisema hivyo umeonyesha pengo.

Nitumie nadharia ngapi, na zipi?

Moja inayobeba mzigo, na labda ya pili ya kubishana nayo. Nimesoma maandiko yenye nadharia tano ambazo hazikutajwa tena baada ya sura ya pili.

Acha nitoe mfano kwa sababu unaonyesha hatari yenyewe. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala, wakiwemo wa mtaa wa maduka wa Kikuubo, walifunga maduka wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, EFRIS. Baada ya hapo wanafunzi kadhaa waliniletea mapendekezo ya utafiti, na karibu yote yalitumia modeli ya ukubali wa teknolojia ya Fred Davis ya mwaka 1989. Modeli hiyo inasema mtu atatumia mfumo akiuona una manufaa na ni rahisi. Ni modeli nzuri, lakini ilizaliwa kwa kutazama watu wa ofisini wakiamua kutumia programu za kompyuta. Mwenye duka wa Kikuubo haamui hivyo. Sheria inamtaka atumie. Na ukisikiliza malalamiko yenyewe, urahisi wa kubonyeza haukuwa ndiyo kero kubwa. Watu walizungumza kuhusu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, faini, na hofu kwamba jirani asiyetoa risiti atauza kwa bei ya chini. Hapo unahitaji nadharia ya haki katika kodi, au ya imani kati ya mlipa kodi na dola. Ukilazimisha modeli ya teknolojia, hojaji yako itauliza kama mfumo ni rahisi, watajibu ndiyo, na utaandika tasnifu nzima isiyoeleza kwa nini maduka yalifungwa.

Nadharia ya wakala ya Jensen na Meckling ya 1976, kuhusu mwenye mali na anayemfanyia kazi, na ile ya Jay Barney ya 1991, kuhusu rasilimali zinazoipa kampuni nguvu kuliko wenzake, nazo zinatumika kupita kiasi hapa kwetu. Siyo mbaya. Jiulize tu: ningechagua nadharia hii kama mwenzangu asingekuwa ameitumia mwaka jana?

Ile jedwali ya Krejcie na Morgan ya ukubwa wa sampuli ni lazima?

Siyo lazima, ingawa ukipita maktaba zetu utadhani ni amri. Jedwali hiyo ya mwaka 1970 inakuambia kwamba kwa watu 1,000 unahitaji kuhoji 278, kwa 200 unahitaji 132, kwa 100 unahitaji 80. Fomula ya Yamane yenye kosa la asilimia 5 ingekupa 286 kwa watu 1,000, yaani karibu sawa. Zote mbili zinadhani una orodha kamili ya watu na unawachagua kwa bahati nasibu. Huna orodha? Basi namba 278 haikupi uhakika wowote, hata ikipendeza kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Katika maduka madogo ya mipakani orodha kamili haipo. Mimi nilitembea mtaa kwa mtaa na daftari siku nne, nikaandika kila duka la vifaa, lenye kibao na lisilo na kibao, ndipo nikachagua. Siku hizo nne ndizo mtahini wa nje alizoziulizia zaidi.

Na kama unafanya mahojiano ya kina, achana na jedwali kabisa. Endelea mpaka mahojiano mapya yasilete kitu kipya.

Hojaji yangu ni ya Kiingereza. Ninaowauliza wanaongea Kiswahili. Nifasiri tu?

Usifasiri tu. Hapa ndipo lile neno moja lilipotaka kuniangusha.

Hojaji yangu ya majaribio ilikuwa na swali hili: "Je, unatoa mkopo kwa wateja wako?" Nikaipeleka Busia, kwenye maduka madogo ya misumari, rangi na mabomba. Katika maduka ya mwanzo, karibu wote walijibu hapana. Nikaanza kuingiwa na hofu, maana nilikuwa natafiti mauzo ya mkopo mahali ambapo, kwa hesabu zangu, hakuna mkopo.

Kwenye duka la mama mmoja nilikaa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Naye alikuwa amejibu hapana. Tukiwa tunangoja mvua, akaja fundi akachukua kilo mbili za misumari na bawaba, akasema, "Mama, tutaonana Jumamosi." Mama akavuta daftari la shule lenye jalada lililokatika, akalamba kidole akalifungua, akaandika. Niliona kurasa mbili zimejaa majina, mengine yamekatwa kwa mstari, mengi hayajakatwa.

Nikamuuliza, "Mama, si uliniambia hutoi mkopo?"

Akanitazama kama mtoto aliyekosea njia. "Mwanangu, mkopo ni wa benki. Una riba, una karatasi, wanakuja kuchukua friji. Huyu nimemwandika tu."

Kumwandika mtu. Hilo ndilo neno lao. Nilibadilisha swali likawa: "Je, kuna wateja unaowaandika wakalipa baadaye?" Niliporudi kwa wale wale waliosema hapana, wengi wakacheka wakatoa madaftari. Neno "faida" nalo lilikuwa na mambo yake, maana kwa wengine lilimaanisha kinachobaki usiku baada ya chakula na nauli, na siyo mauzo ukitoa gharama za mali. Ilibidi niulize vitu viwili badala ya kimoja.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza: mtu mmoja afasiri kutoka Kiingereza, mwingine ambaye hajaona ya Kiingereza airudishe, mlinganishe, halafu, na hili wengi wanaliruka, ukae na watu kama kumi wa eneo lenyewe uwaulize, "Swali hili umelielewaje?" Kipimo cha alfa cha Cronbach kikizidi 0.7 kinakuonyesha kwamba maswali yako yanaendana. Hakikwambii kama watu wote wamelielewa neno vibaya kwa pamoja.

Naweza kufanya utafiti mahali ninapofanya kazi?

Unaweza, ila uwe mwangalifu sana kuhusu walio chini yako. Nikiwa uzamili niligawa hojaji za kuridhika na kazi kwa vijana wa ghala niliokuwa nawasimamia. Niligawa mwenyewe, nikazikusanya mwenyewe siku hiyo hiyo. Zilirudi zote, na karibu kila mahali wametia 4 na 5, alama za juu kabisa. Nikafurahi, nikaandika kwamba morali ni ya juu. Baada ya miezi miwili vijana watatu waliacha kazi kwa wiki moja. Hawakuwa wamenidanganya kwa ubaya. Nilikuwa nimewaweka mahali ambapo ukweli ungewagharimu, na ninaumia kila nikikumbuka.

Tangu hapo nawaambia wanafunzi: kama wewe ndiye unayesaini likizo ya mtu, usimhoji wewe. Mtafute mwenzako wa nje, tumia bahasha zisizo na majina, au tafiti idara nyingine. Kama unachotafiti ni namna ya kubadilisha kazi huku mkiifanya, njia aliyoieleza Kurt Lewin mwaka 1946 ya kupanga, kutenda, kuangalia na kupanga tena itakufaa kuliko hojaji, kwa kuwa wafanyakazi wanakuwa watafiti pamoja nawe.

Vibali vinapatikana kwa mpangilio gani?

Chuo kikishapitisha andiko lako, unalipeleka kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kamati ikikubali, unasajili utafiti kwa UNCST yenyewe. Halafu ndipo unapeleka barua kwa taasisi, wilaya au chama unachokwenda kutafiti. Usikusanye hata jibu moja kabla ya idhini ya maadili. Panga miezi, siyo wiki. Andaa fomu ya ridhaa kwa lugha ya wanaohojiwa tangu mwanzo, maana kamati itaidai, na kuifasiri kwa haraka usiku wa mwisho ndiko kunakoleta maneno kama yale niliyoyaeleza hapo juu.

Msimamizi wangu harudishi rasimu. Nifanye nini?

Kila mkionana, andika kwa ufupi mlichokubaliana na umtumie siku hiyo hiyo kwa barua pepe: nitafanya hili, wewe utasoma lile, tarehe fulani. Tuma kurasa chache mara nyingi kuliko sura nzima mara moja. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi atasoma kurasa nane akiwa kwenye foleni ya magari, lakini kurasa themanini zinangoja likizo. Ukimya ukipita miezi mitatu, nenda kwa mkuu wa idara kwa heshima, ukiwa na hizo barua pepe mkononi.

Naruhusiwa kutumia programu za akili unde?

Soma kanuni za chuo chako, na ukitumia useme umetumia. Usiingize humo mahojiano wala majina ya watu. Walikupa wewe ridhaa. Na kila marejeo ambayo programu imekupa yatafute mwenyewe, kwa sababu hutunga makala ambazo hazijawahi kuandikwa.

Nikimaliza, niwarudishie nini walionijibu?

Kitu wanachoweza kukitumia, kwa lugha yao, na ukiwapelekea kwa miguu yako. Kwa kampuni, kurasa mbili: nini kimeonekana, nini kinapendekezwa, kitagharimu kiasi gani. Sura ya mapitio ya maandiko ibaki maktaba.

Kwa wenye maduka niliandika karatasi moja ya Kiswahili, pande mbili, yenye michoro ya ukurasa wa daftari: upande mmoja jina na kiasi, upande wa pili tarehe ya kuandikwa na tarehe aliyoahidi. Madaftari mengi niliyoyaona hayakuwa na tarehe kabisa, na bila tarehe mwenye duka hawezi kujua nani amechelewa na nani bado yuko ndani ya muda. Hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote niliyoyagundua, na halikupata hata ukurasa mzima katika tasnifu.

Nilimpelekea yule mama wa Busia. Hakuwa na miwani, akaniambia nimsomee. Nikasoma mpaka kwenye ile sehemu inayosema kwamba wengi wanaoandika wateja hufanya hivyo ili mteja asihame. Akanisimamisha akauliza kama wenye maduka wa Kampala nao wanasema hivyo. Nikamwambia wanasema maneno hayo hayo. Akatoka mpaka barazani, akamwita jirani yake wa duka la nyavu aje asikie, na ikabidi nianze upya kusoma tangu juu.